Jina la Mwenye Gereji

Somanda, Bariadi
9 Juni 2024

Mama Joyness,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Msimu wa pamba umeshika moto, nyuzi zinapeperuka barabarani mpaka kwenye chai.

Nimetii agizo la Mama Domitila. Alitusimamia ndoa, naona bado hajamaliza kazi. Tangu siku ile nilipokupigia, nikasikia mwanaume anacheka nyuma yako, nikapandisha sauti na wewe ukakata, amesema simu iwe ya msiba na ya mtoto tu. Mengine yote tuandike, kwa sababu kwenye simu tunaongea wote wawili na hakuna anayesikia. Basi naandika. Barua iko ndani ya boksi la tabo, kondakta wa basi atakukabidhi vyote pamoja.

Tabo hii ni ya Paschal, wakala wa pamba, yule mwenye Forester ya bluu. Ile iliyokuja na gari ilikufa, akaagiza hii kubwa zaidi, imetumika, imetoka kwenye Subaru za mbio huko Japani. Anataka tabo isukumie injini hewa mpaka gari likikanyagwa limbandike mgongo kwenye kiti. Lakini nimeishika feni nikaitikisa, inacheza. Shafti imelika. Zamani ningeifungua mwenyewe hapa mezani. Siku hizi naambiwa nyumba yangu ina mtaalamu wa tabo, yuko Dar es Salaam, basi nisiingilie mambo ya wataalamu.

Nafasi ya kwenda kusoma ilikuwa moja na nilikupa mimi. Nilisema mbele ya watu, nenda wewe, mimi nina wateja. Watu wakanisifu sana. Sasa kila jioni nafunga gereji peke yangu na zile sifa sizioni.

Huyo mwenye gereji anayekufundisha anaitwa nani? Mtu wa wapi? Ana umri gani? Nauliza tu.

Joyness yuko kwa bibi yake, hajambo. Baba anakusalimu, anauliza mkwe wake anakula nini huko pwani.

Ni mimi mumeo,
Bujiku

*

Tabata, Dar es Salaam
17 Juni 2024

Baba Joyness,

Mwangaluka. Boksi lilifika salama, na barua yako ikiwa imelowa oili pembeni, nikajua kweli imetoka nyumbani.

Tabo iko tayari, narudisha kwa basi hilohilo. Shafti mpya, beringi mpya, sili mpya za kuzuia oili, na feni imebalansiwa upya. Usiitikise tena kama unavyotikisa nazi, haichezi. Lakini nisikilize. Ile ya kwanza ya Paschal haikufa kwa uzee. Bomba linaloleta oili kwenye tabo limefungwa kwa boliti yenye tundu katikati, na ndani ya tundu hilo kuna wavu mdogo. Wavu ukiziba kwa masizi, tabo inazunguka kavu mpaka inajila. Itoe hiyo boliti uisafishe kabla ya kufunga hii, la sivyo tutaua ya pili. Gasketi ya bomba la chini, lile linalorudisha oili kwenye injini, nimeiweka kwenye bahasha. Ifunge kavu hivyohivyo. Silikoni usitie hata tone, nakujua wewe na silikoni yako. Na mwambie Paschal presha isipandishwe mpaka kompyuta ya gari ipangwe upya, hata akikubembeleza.

Umeuliza habari za Mwenye Jina. Ndivyo ninavyomwita, na wewe utaelewa kwa nini. Ni Msukuma mwenzetu, wa Shinyanga, amehamia huku siku nyingi. Umri wa mtu hauulizwi. Ni mwalimu mvumilivu. Anasema mafundi wengi wana mikono, wenye masikio ni wachache, na mimi ninayo. Mashine ya kubalansi ikizungusha feni, wenzangu wote wanaangalia kioo cha namba. Mimi nafumba macho nasikia inapopwaya kabla kioo hakijasema. Siku ya kwanza ilipotokea, Mwenye Jina alicheka kwa furaha mpaka akaketi. Nadhani ndicho kicheko ulichokisikia kwenye simu.

Nani anakaa kwenye meza yangu? Nimesikia Apolonia wa duka la spea siku hizi analeta spea mwenyewe mpaka gereji, wakati sisi tulikuwa tunazifuata kwa miguu.

Msalimie sana baba. Mwambie nakula ugali, ila ni mlaini mno.

Mkeo,
Milembe

*

Somanda, Bariadi
25 Juni 2024

Mama Joyness,

Tabo imefika. Nimeifunga, gari limewaka, Paschal amezunguka nalo mji mzima akipuliza filimbi ya ile tabo kwenye kila kona. Amefurahi. Mimi nimesimama mlangoni na spana mkononi, nikasikia watu wanasema, kazi ya Dar hiyo.

Hiyo boliti ya wavu nilikuwa naijua kabla hujanifundisha. Niliisafisha. Ilikuwa imeziba, ndiyo, lakini nilikuwa naijua.

Sasa tuongee. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Umemsifu huyo bwana juu, katikati na chini. Mvumilivu. Anacheka kwa furaha. Anayajua masikio yako. Miaka yote nimeishi na hayo masikio na sikuwahi kuambiwa yana kipaji, labda kwa kuwa mimi huwa nayapigia kelele tu. Lakini katika yote hayo, jina lake hujaliandika. Nilikuuliza wazi, anaitwa nani. Unanijibu Mwenye Jina. Huyo Mwenye Jina mbona hana jina?

Mwanamke humwita mtu kwa jina lake bila shida pale ambapo hakuna kitu. Wakala Paschal, Fundi Thomasi, unamwita, unaendelea na kazi. Jina linakwama kooni pale ambapo kuna kitu. Mimi si mtoto.

Kuhusu Apolonia, analeta spea kwa sababu nina kazi nyingi. Kwenye meza yako hajakaa. Niliweka betri mbovu juu yake ili mtu asikae.

Bujiku

*

Tabata
2 Julai 2024

Baba Joyness,

Nimecheka mpaka wenzangu wa chumbani wakaniuliza kuna nini. Wewe mwanaume una utani mbaya. Unajua vizuri kabisa kwa nini simtaji, halafu unanichokonoa ili niliandike jina kwa mkono wangu, nipate aibu, uende ukaisome barua kwa baba mkacheke wote. Silitaji. Hata ungenifunga kamba silitaji.

Hapa gerejini wote wanashangaa. Wanamwita kwa jina lake toka asubuhi mpaka jioni, mimi namwita Mwenye Jina. Mwenyewe alipojua sababu alipiga makofi, akasema bado tupo tunaoheshimu, na toka siku hiyo ananipa vyuma vigumu kuliko wengine.

Betri juu ya meza yangu nimeikubali. Lakini asidi isivuje kwenye mbao.

Kuna jambo moja. Mwenye Jina amesema nikikaa mwezi mmoja zaidi atanifundisha kupanga kompyuta za gari, namna ya kuongeza presha na mafuta kwa pamoja bila kupasua injini. Bariadi nzima hakuna anayejua. Maswa hakuna. Nimemwambia nitamuuliza mume wangu. Unasemaje?

Mkeo,
Milembe

*

Somanda, Bariadi
14 Julai 2024

Milembe binti Bundala,

Unacheka. Mwenzako huku ameaibika.

Paschal alikwenda Maswa na gari lake. Alipofika Nyalikungu mjini, gari likaanza kutoa moshi wa bluu, mzito, likiwa limesimama tu linanguruma. Watu walitoka madukani kuangalia. Amenirudishia leo akilivuta kwa kamba nyuma ya trekta, akapita nalo katikati ya soko makusudi. Akaniambia, Bujiku, mke wako amepelekwa kusoma au amepelekwa kutalii?

Nimekaa nalo mchana wote. Feni imelowa oili, bomba la moshi limelowa. Sili zimekufa, na tabo ina siku chache tu. Kwa hiyo nakwambia hivi. Huyo bwana wako hajui kazi. Aliyefunga shafti ile alikuwa na haraka ya kwenda kwingine, mawazo hayakuwa mezani. Mtu wa namna hiyo mimi nisingempa hata pampu ya baiskeli. Na wewe ulisimama hapo unamwangalia na masikio yako, hukusikia kitu?

Mwezi wa kuongeza hakuna. Mwisho wa mwezi huu uwe Bariadi. Ukitaka kukaa, nitajua umechagua, na wazee watakwenda Malampaka kwa baba yako kuongea habari za ng'ombe wa mahari niliotoa. Tabo iko kwenye boksi la barua hii. Mrudishie mwenyewe, na umwambie nimesema mimi.

Jina lake bado hujaniambia.

Bujiku

*

Tabata
21 Julai 2024

Bwana Bujiku,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama nyuma ya ukuta mpaka uso ukauke. Sitakuficha.

Nilidhani unatania. Sasa naona hutanii, na hilo limeniuma kuliko matusi. Unataka jina la mwenye gereji. Nenda nyumbani, piga magoti mbele ya baba yako mzazi, umuulize yeye anaitwa nani. Hilo ndilo jina. Mimi niliolewa katika nyumba ile, jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwangu wala kwenye kalamu yangu, liwe la kwake au la mtu mwingine yeyote anayelichukua. Hivyo ndivyo mama yako alivyonifundisha wiki ya kwanza niliyoingia, na wewe ulikuwepo, unakula. Nimeliheshimu jina hilo Dar es Salaam, ambako hakuna aliyeniangalia, na malipo yangu ni hayo.

Mwenye Jina ana wajukuu. Alipojua kwa nini simtaji alisema basi wewe ni mkwe wangu, na ndivyo anavyoniita mpaka leo. Ningekuandikia mapema, lakini nilijua mtoto wa nyumba ile hana haja ya kuelezwa jambo hilo.

Sasa kuhusu tabo. Nimeifungua. Sili ni nzima. Shafti imenyooka, haichezi. Fikiri, fundi. Oili inaingia kwa kusukumwa na pampu, inatoka kwa kushuka yenyewe. Njia ya kutokea ikizibwa, inajaa ndani, inatafuta pengine pa kupita, inatokea kwenye feni. Kwa hiyo kabla hujamtukana mtu, fungua lile bomba la chini uangalie mdomo wake. Halafu angalia filta ya hewa. Paschal analaza gari wapi msimu huu? Filta ikiziba, tabo inavuta hewa haipati, inaanza kufyonza oili yake yenyewe.

Na jambo la mwisho. Mwenye Jina hakuigusa ile tabo. Alikaa kwenye kiti mikono ameifungia kifuani. Aliyefunga shafti ni mimi. Aliyebalansi ni mimi. Ni ya kwanza niliyoijenga peke yangu toka mwanzo hadi mwisho. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uifunge kwanza, uisikie inavyolia, uisifie, ndipo nikwambie. Uliyemsema kuwa hafai hata kwa pampu ya baiskeli ni mkeo.

Naituma kama ilivyo, sikubadilisha hata pini. Habari za ng'ombe wapelekee wazee wakati wowote. Sirudi kwa kuitwa na ng'ombe.

Milembe

*

Somanda, Bariadi
4 Agosti 2024

Mama Joyness,

Kalamu hii nimeishika na kuiweka siku nyingi.

Nilikwenda kwa baba. Sikupiga magoti, lakini nilikaa chini. Nikasema, baba, unaitwa nani? Akaniangalia, akamuuliza mama kama nimekunywa. Nikarudia. Akasema, Masunga, niliitwa hivyo kabla yako na nitaitwa hivyo nikishakufa, kwani kuna mtu wa serikali amekuja? Nikamweleza yote, sikuficha. Halafu akasema, mkwe wangu amenibeba mpaka Dar es Salaam, na wewe niliyekuzaa umenitafutia ugomvi na jina langu.

Naandika hapa kwa niaba yako, kwa kuwa mimi naruhusiwa. Anaitwa Masunga. Mwombe radhi huyo mzee. Yote niliyoyasema nimeyafuta.

Tabo ilipofika nilifungua bomba la chini. Milembe, gasketi yako niliifunga kavu kama ulivyosema, halafu nikaona ukavu wenyewe hauniingii akilini, nikaifungua nikapaka silikoni. Kidogo, nilijiambia. Ilijiminya ndani, ikaning'inia kwenye tundu kama ulimi, pamebaki nafasi ya kupitisha njiti ya kiberiti. Niliivuta kwa koleo ikatoka nzima. Na filta, ile ya wazi tuliyomfungia Paschal ili filimbi isikike, imejaa nyuzi za pamba ningeweza kutengenezea mto. Analaza gari kiwandani, chini ya bomba linalotema vumbi la pamba. Nimesafisha vyote, nimefunga tabo yako na gasketi mpya, kavu. Moshi hakuna. Inalia vizuri. Nimeisikiliza nikiwa nimefumba macho, kama unavyofanya, na sikusikia kasoro.

Hapo ilipasa nifurahi. Mwanaume niliyekuwa namwogopa hayupo. Ni mzee mwenye wajukuu na jina la baba yangu. Lakini nakuambia ukweli kwa sababu Mama Domitila alisema tuandike ukweli. Sikufurahi. Roho iliniuma kuliko mwanzo. Mwanaume mwingine ningejua la kufanya naye, ningepanda basi, ningemshika shati. Sasa ninayemwonea wivu ni wewe. Ile shafti mimi siwezi kuifunga vile. Nimeitazama kwa tochi, nikajua siwezi. Nilikupa nafasi ile nikidhani utajifunza kunisaidia. Nilitamani bado awe yule mzee aliyeijenga.

Ng'ombe ni wako na wa baba yako. Sikutuma mtu.

Bujiku

*

Tabata
11 Agosti 2024

Baba Joyness,

Barua yako nimeisoma, nikamsomea Mwenye Jina ile sehemu ya kuomba radhi. Amesema amesamehe, na kwamba silikoni imevunja nyumba nyingi kuliko pombe.

Mimi bado sijasamehe yote. Lakini nimeshukuru kwa ile sehemu ya mwisho, hata kama ilikuwa ngumu kuisoma. Wivu huo ninaujua. Nimekaa nao kwenye meza ile miaka yote. Mteja anaingia, mimi nina injini mikononi, yeye ananipita anakuuliza wewe gari lina nini. Na wewe unamjibu, kwa maneno niliyokwambia mimi asubuhi. Nilikuwa naona wivu wa sauti yako, kwamba ikisema jambo linakuwa kweli. Sikukwambia. Nilikuwa nakaza boliti zaidi ya inavyotakiwa.

Sasa kuna hili. Mwenye Jina amenipa kazi. Meza yangu, mashine, chumba cha kulala nyuma ya gereji chenye nafasi ya Joyness pia. Shule iko karibu. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Sitaki kukaa. Nataka kurudi Bariadi, nataka ugali mgumu na mtoto wangu. Lakini sitarudi kukupa spana. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na si kiapo. Mwambie mtu yeyote, mbele ya watu wengine, nani aliijenga ile tabo. Kisha niandikie ulijisikiaje. Ukishindwa, niandikie pia. Sitakasirika. Nitajua tu nikae wapi.

Milembe

*

Somanda, Bariadi
19 Agosti 2024

Mama Joyness,

Nilisema. Jumamosi, Paschal alikuja kuchukua filta mpya, na watu walikuwa wamejaa pale, madereva wa malori ya pamba. Akaniambia, fundi, sasa tabo imetulia, wewe ni kiboko. Nikasema aliyeijenga ni mke wangu, Milembe, mimi niliiharibu kwa silikoni. Wakacheka, walidhani ni mzaha. Nikarudia polepole, jina lako kamili. Wakaacha kucheka. Paschal akasema, sasa kwa nini uliniacha nikamsema vibaya? Nikaendelea kufuta spana ambayo ilikuwa safi.

Umeuliza nilijisikiaje. Nilijisikia vibaya. Nilidhani nikishasema kifua kitakuwa chepesi, watu husema hivyo. Hakikuwa chepesi. Usiku sikula.

Habari imetembea haraka kuliko nilivyotaka. Leo asubuhi ameingia mtu kutoka Ipililo, sijamwona kabla, ana Mark Two nyeupe yenye tabo. Inakosa nguvu ikipanda mlima na inapiga kelele kama mbuzi. Nimetoka kumpokea, nimenyoosha mkono. Ameniangalia ovaroli, akaangalia ndani ya gereji nyuma ya bega langu, akauliza, yule mama wa tabo yupo?

Milembe, nimeona wivu tena, palepale, hata mkono ulikuwa bado uko hewani. Nakwambia ili usije ukarudi ukidhani umeisha. Haujaisha, na sijui kama utaisha. Nilikuwa najua tatizo la gari lile kwa kulisikia tu likiingia, ni bomba la presha limepasuka, dakika chache ningelimaliza na angeondoka akinisifu mimi.

Nimemwambia akusubiri hadi utakaporudi. Betri nimeitoa juu ya meza, mbao ni nzima. Gari lake liko uani, sijaligusa.

Mumeo,
Bujiku